Kiangazi cha Parklands na Maji Yatokayo Kwetu

Wasomaji wengi wakaao mashambani hudhani ya kuwa Nairobi ni mawe matupu, magari na kelele, na kwamba mtu akishaondoka shambani kwake kwenda kufanya kazi ya ofisi huko, hataona tena ndege wala mti uzaao matunda. Mimi nami nilidhani hivyo nilipohamia Parklands mwezi wa Desemba 2016, nikiwa karani wa serikali mwenye sanduku moja, godoro moja na barua ya uhamisho. Leo nimeona vema niwaeleze habari za ua mmoja wa nyuma ya nyumba katika mtaa huo, hasa wakati wa kiangazi, kwani katika ua ule nilijifunza jambo ambalo sikufundishwa katika shule ya sekondari ya misheni niliyosoma. Jambo lenyewe ni hili: maji ya mjini yana kwao.

MTAA WENYEWE

Parklands iko kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kwenda ofisini kwa mwendo wa saa moja. Upande mmoja imepakana na Westlands, na upande mwingine na msitu wa City Park. Njia zake kubwa zimepewa hesabu badala ya majina, First Parklands Avenue, Second, Third, na kuendelea, hata mgeni hawezi kupotea ila awe hajui kuhesabu. Hapo Third Parklands Avenue ndipo ilipo Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na muda si mrefu baadaye watu wenye uwezo walianza kujenga huku juu, mbali na matope ya bondeni. Walioanza ni Wazungu. Kisha Wahindi wakawa wengi, wakajenga nyumba za mawe, mahekalu, misikiti na shule. Mwafrika, katika siku zile za ukoloni, hakulala katika mtaa huu ila awe mpishi, yaya au mtunza bustani, na kipande chake shingoni. Ndiyo sababu nyuma ya kila nyumba ya zamani utaona safu ya vyumba vidogo vya mawe vilivyoelekea uani. Chumba nilichopanga ni kimoja cha hivyo. Kilijengwa kwa ajili ya mtumishi, na leo karani wa serikali akilipia kodi na kushukuru kwa kukipata. Hivyo ndivyo dunia igeukavyo.

Mwenye nyumba ni mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyezaliwa katika mtaa huo huo, na sote twamwita Mama. Vyumba vya uani vilikuwa vinne. Cha kwanza alikaa mzee mtunza bustani, ambaye amekaa hapo miaka mingi kuliko anayoweza kukumbuka. Cha pili alikaa nesi mwenye mtoto mchanga. Cha tatu, fundi cherahani aliyetoka Mombasa. Na cha nne kikawa changu. Katikati yetu palikuwa na ua wa udongo mwekundu, tangi la maji la lita 1,000, kamba za kuanikia nguo, mpera, mforosadi, na nyuma kabisa ua wa kayaba wenye miiba ambao hata paka hupita kwa uangalifu. Mparachichi mkubwa ulikuwa katika kiwanja cha jirani, lakini nusu ya matawi yake ilikuwa upande wetu, na matunda hayakuuliza mpaka uko wapi.

JOTO LISILO JOTO

Katika Nairobi mvua za vuli huja toka Oktoba hadi Desemba, na mvua kubwa za masika toka Machi hadi Mei. Katikati yake, Januari na Februari, ndiyo miezi ya kiangazi, wakati jua huwaka kutwa, majani hukauka, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya daftari. Julai, wakati Wazungu kwao Ulaya wanakaa nje kuota jua, sisi huvaa makoti.

Fundi cherahani alikuwa akitucheka sana. Tulipotoa viti nje jioni na kulalamika, alisema, "Ndugu zangu, hili nanyi mwaliita joto? Njooni kwetu wakati wa kaskazi, mlale darini mkiutafuta upepo." Na kweli, kwa kuwa Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hata Februari joto la mchana hufika nyuzi 27 au 28 tu, na usiku blanketi lahitajiwa. Walakini kiangazi chetu kina shida yake isiyo ya joto, nayo ni ukavu. Mtu wa pwani huumwa na jasho, na mtu wa Nairobi huumwa na bomba lisilotoa maji.

WAPANGAJI WASIOLIPA KODI

Kabla sijafika kwenye habari za maji, yafaa niwataje wapangaji wengine wa ua ule ambao hawalipi kodi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kwarara hupita juu ya paa wakipiga kelele kama watu wanaogombana sokoni. Karani wa Parklands hana haja ya saa ya kuamshia. Baadaye huja chozi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, kunyonya maua. Mchana mwewe huzunguka juu, na ole wake mtu apitaye na nyama mkononi akiisahau mbingu. Fundi cherahani alinyang'anywa mshikaki mbele ya macho yetu, akabaki ameshika kijiti. Usiku mijusi hutoka nyuma ya taa kukamata wadudu. Mara moja tulimwona kinyonga katika mpera, na mimi niliyekulia katika nyumba ya Kikristo nilijikuta nimerudi nyuma hatua tatu, kwani kwetu mtoto hufundishwa kumwogopa kinyonga kabla hajafundishwa kusoma.

Lakini wakubwa wa ua walikuwa kima wa City Park. Parachichi zilipokomaa walikuja kwa kufuata miti na kuta, mmoja akitangulia kuchunguza, wengine nyuma, wakina mama na watoto tumboni. Wanajua mlango upi uko wazi. Watu waendao City Park siku za Jumapili huwapa njugu na ndizi kwa kufurahia, na kima akishazoea kupewa hujifunza kunyakua. Akishajifunza kunyakua huuma. Mzee alikuwa akisema, "Ukimlisha mnyama wa mwitu umemwondolea akili yake, wala hujampa ya kwako." Ni neno la kukumbukwa na kila azuruye bustani ile.

Mvua zikianza huja mgeni mwingine, kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi, ambacho Wazungu wamekiita kwa jina la mji wetu ingawa si nzi. Hakiumi wala hakidungi. Lakini ukikiponda juu ya ngozi, maji yake huunguza na kutoa malengelenge. Dawa ni kukipuliza kiende zake, na kama umekwisha kukiponda, kunawa upesi kwa maji na sabuni na kutoyagusa macho.

MATEMBEZI YA JUMAPILI

Siku za Jumapili baada ya ibada nilizoea kwenda City Park kupunga hewa. Ni bustani na msitu wa karibu hekta 60, na miti yake mingine ni ya asili, iliyokuwapo kabla ya mji. Mwaka 2009 mahali hapo palitangazwa kuwa urithi wa taifa unaolindwa na sheria. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu katika miaka iliyotangulia watu wenye tamaa walikuwa wamekwisha kuzipima kando zake kwa macho.

Humo ndani yamo makaburi mawili ambayo kila mwenye kupenda historia yafaa ayaone. La kwanza ni la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge, aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 mbele ya nyumba yake huko Westlands. La pili ni la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 kisha akajiuzulu, akafa mwaka 1990. Yeye alikuwa ametaka azikwe karibu na rafiki yake Pinto, na ndivyo ilivyo. Mmoja asili yake Goa, mwingine baba yake wa Goa na mama yake Mmasai, wote wawili wamelala chini ya miti ya Parklands. Februari, siku za ukavu, majani makavu huanguka juu yao, na kima hukaa juu ya mawe wakila ndizi.

Ukitoka bustanini utaikuta barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, ambayo sasa yaitwa kwa jina la Profesa Wangari Maathai. Tarehe 8 Januari 1999, katika kiangazi kama hiki, mama huyo alipigwa hata akatokwa na damu kwa sababu ya kwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, usio mbali na hapa, uliokuwa ukigawiwa watu. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Karura bado upo. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule, na nilidhani ni ugomvi wa wakubwa juu ya kuni. Nilielewa baadaye, kwa kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Mvua za vuli za mwaka 2016 zilikuwa haba mno, na tangu tarehe 1 Januari 2017 maji ya jiji yakaanza kugawiwa kwa zamu. Kwetu yalikuja siku mbili kwa juma, mara nyingi usiku. Tangi letu moja likawa moyo wa ua. Kila chumba kilijua kipimo chake, ingawa hapakuwa na maandishi.

Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa mkulima, nilikuwa nimelima tuta moja la sukuma wiki kando ya ua wa kayaba. Nililipenda sana. Jioni nilipotoka ofisini na kuyaona majani yamelegea, niliona kama nimesutwa na wazee wangu wote. Basi usiku mmoja wa Februari, watu wakiwa wamelala, nilifunga mpira kwenye tangi, nikaulaza kwenye tuta, nikasema nitaamka baada ya nusu saa kuufunga. Sikuamka. Niliamka na kwarara.

Nilipotoka, nesi alikuwa amekwisha kutoka na beseni, mtoto mgongoni, naye alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku. Akafungua bomba la tangi. Likatoa hewa, likakohoa, basi. Yeye hakusema neno. Ndipo mzee akalitazama tuta langu lililokuwa likimeta kwa maji, akanitazama na mimi, akasema kwa upole, "Bwana Karani, sukuma wiki yako imeoga. Mtoto je?"

Wasomaji, nimewahi kukemewa na wakubwa ofisini, lakini sijapata kuona haya kama siku ile. Nilikimbilia barabarani nikamtafuta kijana auzaye maji kwa mkokoteni, nikanunua mitungi minne ya lita 20 kwa shilingi 50 kila mmoja, nikaibeba mwenyewe hadi mlangoni pa nesi. Alinishukuru, na shukrani yake ikaniumiza zaidi kuliko ambavyo angenitukana.

Jioni ile ile baba yangu alinipigia simu kutoka nyumbani. Kwetu ni juu katika milima ya Murang'a, katika mashamba ya chai, si mbali na bwawa la Ndakaini. Nilimwamkia, naye akanipa habari za ng'ombe na za majirani, kisha akasema, "Mwanangu, mto umepungua hata mawe ya chini yaonekana. Tumeombwa tusimwagilie mboga kwa mashine, ili maji yateremke. Nasi tumekubali, kwani twaambiwa watu wa Nairobi wana kiu. Je, ninyi huko mwapata maji?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwambia simu haisikiki vizuri.

MAJI YANA KWAO

Usiku ule nilifikiri sana. Bwawa la Ndakaini lilimalizika mwaka 1994, na likijaa huwa na maji ya mita za ujazo milioni 70. Hulishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, ishukayo kutoka msitu wa Aberdare. Ili lijengwe, watu walihamishwa katika bonde lile na kuacha mashamba yao. Maji hutoka huko hadi Ng'ethu kusafishwa, kisha huteremka yenyewe hadi matangi ya Gigiri, na kutoka Gigiri huingia mitaani. Sehemu kubwa ya maji yanywewayo Nairobi yatoka katika bwawa hilo moja. Kwa hiyo maji niliyoyamwaga usiku ule yalikuwa yamepita karibu na shamba la baba yangu, naye alikuwa ameyaacha yapite, akaiacha mboga yake inyauke, ili mwanawe aimwagilie yake akiwa amelala.

Tangu siku ile sijaweza kulitazama bomba kama nilivyokuwa nikilitazama zamani. Mtu wa mjini akifungua bomba huona chuma na maji. Yafaa aone pia kilima, msitu, na mkulima aliyejinyima.

Asubuhi nilimwendea mzee nikamwomba anifundishe. Akacheka, akasema kumbe hata watu wa kalamu hufundishika. Mafundisho yake yalikuwa haya. Maji yaliyooshewa mchele na mboga yasimwagwe, yapewe tuta la mboga. Maji ya kufulia, yenye sabuni, yasipewe mboga za majani bali miti mikubwa, tena si shina lile lile kila siku. Kumwagilia kufanywe jioni au alfajiri, kamwe si mchana, kwa kikopo na si kwa mpira. Na juu ya yote, udongo ufunikwe kwa majani makavu, unene wa kiganja, ili jua lisiunyonye. Hilo la mwisho baba yangu hulifanya katika migomba yake kila mwaka, nami nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya kuvaa tai.

TANGI LA ZAMANI

Machi ilipokaribia tukakaa chini ya mforosadi, sisi wa vyumba vinne, tukashauriana juu ya kukinga maji ya mvua. Mimi niliyezoea hesabu za ofisi nilipewa kazi ya kupiga hesabu. Ni hesabu rahisi, na kila msomaji aweza kuifanya kwa nyumba yake. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 10 hukinga lita 1,000, ingawa chache hupotea njiani. Nairobi hupata karibu milimita 900 au zaidi kidogo katika mwaka wa kawaida. Basi paa moja la kiasi hicho hunyeshewa karibu lita 90,000 kwa mwaka, yaani mara tisini ya lile tangi tulilokuwa tukililinda kama mboni ya jicho. Nasi tulikuwa tukiyaacha yote yaende barabarani.

Tulimwendea Mama tukamwomba ruhusa. Alisikiliza hata mwisho, kisha akatuongoza nyuma ya nyumba, akainua matawi ya kayaba kwa mkongojo wake. Chini yake palikuwa na msingi wa mawe, wa duara. "Hapa lilikuwa tangi la baba yangu," akasema. "Mvua ikinyesha, sisi watoto tulilala tukisikia likijaa. Bomba la jiji lilipokuja, tukasema tangi ni la watu wa zamani, tukaliuza chuma chakavu." Alitoa nusu ya fedha, sisi wapangaji tukatoa nusu kwa miezi mitatu, tukanunua tangi la lita 5,000, tukaliweka juu ya msingi ule ule. Mvua za Aprili zilipolijaza mara ya kwanza, nesi alitoka na mtoto kusikiliza.

KIWANJA CHA JIRANI

Mambo ya mjini hayakai. Mwaka 2021 kiwanja cha jirani kiliuzwa, na mwezi wa Januari uliofuata tangazo likawekwa langoni: nyumba ya ghorofa 14. Fundi cherahani alisema hakuna la kufanya, kwani ghorofa haizuiwi na cherahani. Lakini karani hujua kazi ya barua. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hutaka athari za ujenzi kama huo zichunguzwe, na watu waulizwe maoni yao. Hatukuandika kuzuia jengo, kwa sababu watu wahitaji mahali pa kulala, nasi ni wapangaji kama wao watakavyokuwa. Tuliomba mambo matatu tu: kwamba kando ya ukuta paachwe ukanda wa udongo usiofunikwa kwa saruji, na maji ya paa yaingie katika tangi na shimo la kunyonya; kwamba mashine zisipigwe usiku; na kwamba mparachichi usikatwe.

Tulitia sahihi watu kumi na tisa wa njia yetu, Mama wa kwanza. Tuliitwa mkutanoni, tukasikilizwa. Mawili ya kwanza tulipewa. La tatu hatukupewa.

Mparachichi ulikatwa siku ya Jumanne nilipokuwa ofisini. Niliporudi, jua la jioni lilikuwa limeingia chumbani kwangu mahali ambapo halikuwahi kufika. Siku tatu mfululizo kima walikuja, wakakaa ukutani wamepangana, wakiutazama ule uwazi. Siku ya nne hawakuja. Mzee alikuwa ameweka kokwa tatu za mparachichi ule katika makopo ya rangi, na moja likaota. Sasa mche wake u kando ya tangi, umenipita kimo.

Kisha ikaja masika ya mwaka 2024, ambayo Wakenya hatutaisahau. Toka Machi hadi Mei mafuriko yaliwaua watu zaidi ya 200 katika nchi, na wengi sana walipoteza nyumba. Usiku mmoja wa Aprili tuliamka tukakuta barabara yetu imekuwa mto wa matope. Tangi lilijaa na kufurika. Lakini ua wetu, kwa kuwa ni udongo ulio wazi na uliofunikwa majani, ulikunywa maji. Na ule ukanda wa jirani, uliopatikana kwa barua ya karani, nao ulikunywa. Hayakuingia vyumbani.

Asubuhi tulisikia habari za Mathare. Mathare iko chini yetu, na maji yanayotukimbia huku juu huteremka kwenda huko. Huko nyumba zilichukuliwa na watu wakafa. Mzee alisimama langoni akiyatazama maji yakiteremka njiani, akasema, "Haya ndiyo maji tuliyoyalilia Februari." Ni kweli. Ni maji yale yale. Kwa kukosa mahali pa kuyaweka, miezi miwili huwa kiu yetu, na mwezi wa tatu huwa jeneza la mwenzetu wa bondeni. Sisemi kwamba ua mmoja ungewaokoa. Nasema mitaa ya juu ina nyua nyingi, na kila mwenye kutia saruji uani mwake humtumia mtu wa chini maji asiyoyaagiza.

NENO LA MWISHO

Mama sasa ni mzee sana, na watoto wake wako ng'ambo. Sijui ua ule utakuwa wa nani, wala kama mche wa mparachichi utazaa kabla ya tangazo jingine kuwekwa langoni. Mpangaji hana hati. Walakini nimejifunza kuwa mtu haitaji hati ili auchunge udongo alioukanyaga, wala cheo ili aandike barua yenye adabu kwa wakati wake.

Basi ninyi makarani wenzangu mkaao mijini, jueni bomba lenu latoka wapi, na kingeni mvua ipigayo paa lenu. Nanyi wakulima wa milimani, msidhani kwamba mjini hakuna anayewakumbuka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyemwaga lita elfu moja kwa usiku mmoja nalijua hilo kuliko wengi.

Februari iliyopita baba alinipigia simu kama kawaida yake. Alinipa habari za ng'ombe, za majirani na za mto, kisha akaniuliza, "Je, huko mwapata maji?"

Safari hii sikusingizia simu. Nilimjibu, "Twapata, Baba. Yamefika salama, na hatuyamwagi."